Mawakili Wasiidharau Siku ya Awali

Wananchi wengi wa Mtwara huijua mahakama kwa siku mbili tu: siku mtu anapofikishwa mbele ya hakimu, na siku hukumu inaposomwa. Kati ya siku hizo mbili iko siku nyingine ambayo haina watazamaji, haina shahidi, wala waandishi wa magazeti hawaifuati. Siku hiyo huitwa ya usikilizwaji wa awali. Leo twapenda kuisema, kwa sababu twaamini kwamba watu wengi hushinda au hushindwa kesi siku hiyo, hali mawakili wao wanaihesabu kuwa ni siku ya kutia sahihi tu.

Yafaa kwanza tueleze jambo lenyewe, maana si kila mfanyakazi wa bandarini au mkulima wa korosho aliyepata kusoma sheria. Mtu akishtakiwa kwa kuua, huanzia katika mahakama ya chini ambayo haina uwezo wa kuisikiliza kesi yake. Hapo haulizwi kama ametenda au hakutenda. Dhamana hana, kwa hiyo hurudishwa mahabusu, akaletwa tena, akarudishwa tena, mpaka upelelezi ukamilike. Ndipo maelezo ya mashahidi husomwa mbele yake, naye hupelekwa Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara. Huko hujibu shtaka, na hapo hapo hufuata usikilizwaji wa awali, kwa mujibu wa kifungu ambacho kwa miaka mingi kilijulikana kwa namba 192 katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985.

Wakili wa Serikali husoma maelezo ya kosa. Upande wa mshtakiwa huulizwa ni mambo gani hawayabishi. Hayo huandikwa, husomwa, hufafanuliwa kwa mshtakiwa kwa lugha anayoielewa, kisha yeye, wakili wake na Wakili wa Serikali hutia sahihi. Tangu saa hiyo jambo lililokubaliwa huhesabiwa kuwa limethibitishwa, wala hapaitwi shahidi wa kulisema, isipokuwa mahakama yenyewe ikiona kwamba haki yataka lithibitishwe. Shabaha ya sheria ilikuwa kwamba kesi zisikawie na mahakama isipoteze wiki nzima ikithibitisha jambo ambalo hakuna anayelikataa.

Sasa tazameni inavyofanyika. Wakili husimama na kusema kwamba mteja wake anakubali jina lake, umri wake, kijiji chake, na kwamba alikamatwa akashtakiwa. Mengine yote anayakataa. Dakika tano zimetosha, na jalada linafungwa. Kwa wakili huo ndio usalama: asiyekubali kitu hakosei. Lakini gharama ya usalama huo hubebwa na watu wengine. Shahidi wa Mahurunga au Kitaya, kule bondeni mwa Ruvuma, ataacha shamba lake na kuja mjini kueleza kwamba aliuona mwili wa marehemu. Daktari wa Ligula ataacha wagonjwa wamejipanga mlangoni, aje aseme kwamba marehemu alikufa kwa jeraha la kichwa. Hakuna mtu katika chumba kile anayebisha kwamba marehemu amekufa, wala kwamba jeraha lilikuwa la kichwa. Kinachobishaniwa ni mkono wa nani ulioshika rungu. Mashahidi wasipofika, kesi huahirishwa, na aliye mahabusu Lilungu huongeza miezi juu ya miezi aliyokwisha kukaa.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza, nalo twaliona ni baya zaidi. Ni la wakili anayekubali jambo asilolijua uzito wake. Tuchukue mfano wa mvuvi wa Msimbati. Yeye asema kwamba polisi walimtia mbaroni alfajiri, na maelezo yake ya onyo yaliandikwa jioni. Karatasi ya upande wa mashtaka yasema alikamatwa alasiri. Wakili, ambaye amekutana na mvuvi huyo asubuhi ile ile kwenye ngazi za mahakama, asikia neno "kukamatwa" na kulikubali pamoja na saa yake, maana nani atabisha kwamba mtu aliyeko kizimbani alikamatwa? Lakini sheria ile ile ya mwaka 1985 iliwapa polisi muda wa saa nne tangu kumshika mtu wawe wamekwisha kumhoji, ila kama muda umeongezwa kwa njia ya sheria. Wakili yule amekwisha kulitoa pingamizi ambalo huenda lingeyaondoa maelezo ya onyo katika kesi. Amelitoa kwa neno moja, akakaa chini, na mteja wake hakujua kilichotokea.

Ndiyo maana twasema kwamba ufundi wa siku ile haupo mdomoni. Upo katika kulisoma jalada lote la maelezo ya mashahidi, kwenda Lilungu, kukaa na mshtakiwa, na kuyagawa mambo. Yapo yaliyo ya kweli na hayamdhuru, kama kifo chenyewe na taarifa ya daktari aliyeuchunguza mwili. Hayo na yakubaliwe bila ubahili. Yapo yaliyo ya kweli lakini yana mkia: saa ya kukamatwa, nani aliyekuwapo wakati nyumba inapekuliwa, panga lilitoka mikononi mwa nani mpaka likafika kituoni. Hayo yataka kupimwa moja moja. Na yapo ya kukataliwa, na hayo yakataliwe kwa maneno yaliyo wazi, ili jaji ajue tangu siku hiyo ugomvi uko wapi.

Twaongeza neno juu ya lugha. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu. Jambo hilo twalishangilia. Walakini Kiswahili cha sheria kikisomwa mbio mbio si lugha anayoielewa bibi wa Kimakonde toka Newala, sawa na Kiingereza cha zamani. Hukumu moja ya Mahakama ya Rufani iliyochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 1992 ilikwisha kukaza kwamba kumsomea mshtakiwa na kumfafanulia ni sharti, si hisani. Wakili anayemwona mteja wake akiitikia kwa kichwa tu anapaswa kusimama na kuomba maneno yarudiwe, hata kama mahakama nzima inataka kwenda kula.

Oktoba 2022 taifa lilishtuka kusikia kwamba kati ya wanafunzi 633 wa Shule ya Sheria waliofanya mtihani, ni 26 tu waliofaulu moja kwa moja. Serikali iliunda kamati, na maneno yalikuwa mengi. Hatutaki kuyarudia. Twauliza tu: katika mafunzo hayo ya vitendo, kijana hufundishwa mara ngapi namna ya kumhoji mahabusu chini ya macho ya askari, au kusoma maelezo ya mashahidi 14 kwa usiku mmoja? Wapo vijana ambao uwakili wameuona kwenye sinema, nao hungoja siku ya kumbana shahidi kwa maswali. Siku hiyo ikifika hukuta mlango walikwisha kuufunga wenyewe.

Tunayo haki ya kuwadai mawakili wetu. Mwaka 1961, Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam kwa kufundisha sheria, hakikuwa na jengo. Kilianzia katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba.

Hata hivyo hatutakuwa wa haki tukimlaumu wakili peke yake. Mshtakiwa maskini hupewa wakili kwa gharama ya Serikali, na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 iliikaza haki hiyo. Lakini barua ya kumpangia kesi ikimfikia wakili siku mbili kabla, na malipo yake hayatoshi hata nauli ya kurudi Lilungu mara ya pili, tusishangae akikutana na mteja ngazini. Nao Mawakili wa Serikali wanaoandika maelezo ya kosa kurasa tano, wakichanganya mambo yanayojulikana na yale wanayoyadhani, humlazimisha mwenzao akatae yote. Yaandikwe mafupi, jambo moja katika kila aya, na upande wa utetezi uyapate kabla ya siku yenyewe.

Barua za kupangia kesi nazo zitoke siku mshtakiwa anapopelekwa Mahakama Kuu, si siku anapoitwa kujibu shtaka. Na kabla karatasi ya mambo yasiyobishaniwa haijatiwa sahihi, twaomba waheshimiwa majaji wamuulize wakili swali moja mbele ya mteja wake: mmeonana mara ngapi?