Dawa ya Mpox ilishindwa, matunzo hayakushindwa

Tangu Mpox iingie Kivu, kuna swali linalorudi kila mara kwenye bomba la maji, sokoni na ndani ya kambi: "Kama hakuna dawa, kwenda hospitali ni kufanya nini?" Siyo swali la kijinga. Mtu anaambiwa akae mbali na wenzake wiki mbili hata nne, aache watoto, aache biashara yake ndogo, halafu anasikia kwamba wataalamu walijaribu dawa na dawa ikashindwa. Ana haki ya kuuliza. Jibu lipo, na lilipatikana hapa Congo, kwa wagonjwa wa Congo. Shida ni kwamba raia wengi walisikia nusu yake tu.

Nusu hiyo ni hii. Tarehe 15 mwezi wa nane 2024, siku moja baada ya OMS kutangaza Mpox kuwa dharura ya dunia nzima, yalitolewa matokeo ya kwanza ya uchunguzi unaoitwa PALM007. Uliongozwa na INRB ya Kinshasa, taasisi ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na taasisi ya Marekani inayoitwa NIAID. Wagonjwa 597 walikubali kuingia, huko Tunda katika jimbo la Maniema na Kole katika jimbo la Sankuru. Baadhi walipewa tecovirimat, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya ndui. Wengine walipewa vidonge vinavyofanana nayo lakini visivyo na dawa ndani. Mgonjwa hakujua amepata kipi, wala mganga wake hakujua. Mwishoni, vidonda vya waliokunywa dawa havikukauka haraka kuliko vya wenzao. Miezi michache baadaye uchunguzi mwingine, STOMP, uliofanywa katika nchi nyingi juu ya aina nyingine ya Mpox, ulileta jibu lile lile.

Hapo ndipo habari ilipokatwa. Ikapita kwenye simu: dawa haifanyi kazi. Na kutoka hapo hadi "hospitali haifanyi kazi" ni hatua moja tu.

Nusu ya pili ni hesabu ya vifo. Kati ya wale 597, wa dawa na wasio wa dawa wote pamoja, waliokufa walikuwa asilimia 1.7, maana yake kama watu 17 kwa kila wagonjwa 1000. Kwa wagonjwa wa Mpox nchini kwa jumla, hesabu iliyokuwa ikitolewa ni asilimia 3.6 au zaidi, yaani watu 36 au zaidi kwa kila 1000. Chini ya nusu! Sasa, kama siyo dawa, ni nini kilichowalinda? Kila mgonjwa aliyeingia alilazwa siku 14 kwa uchache. Alikula. Alipewa maji ya kutosha. Vidonda vilivyoanza kuoza vilitibiwa. Na alikuwepo mtu wa kumwangalia kila siku. Basi.

Mwenye kufikiri atasema kwamba hesabu hizo mbili hazikutoka kwenye mzani mmoja. Ni kweli. Labda waliokuwa mahututi kabisa hawakufika Tunda wala Kole, na kijijini kuna wanaokufa bila kuandikwa na kuna wanaopona bila kuandikwa. Kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa kwamba tofauti yote inatokana na matunzo. Lakini wachunguzi wenyewe waliona jambo hilo ni zito kiasi cha kulitangaza siku ile ile, na linakubaliana na jinsi ugonjwa huu unavyoua. Mtoto mwenye vidonda mdomoni na kooni hanyonyi, hali, hanywi. Maji yanamwisha mwilini. Ngozi iliyopasuka inaingiza vijidudu, vinafika kwenye damu. Wengine mapafu yanashambuliwa. Vidonda vya machoni vinaweza kuacha mtu kipofu. Mtoto ambaye alikuwa na utapiamlo kabla ya kuugua ana nguvu gani ya kupambana na hayo yote? Mambo hayo karibu yote yana jibu ambalo kituo cha afya kinalijua tayari: serumu, antibiotiki, sabuni, uji, na muuguzi asiyelala.

Neno PALM lenyewe ni Kiswahili: Pamoja Tulinde Maisha. Jina hilo lilianza wakati wa Ebola huko Beni na Butembo, na mwaka 2019 uchunguzi wa kwanza wenye jina hilo ulionyesha kwamba dawa mbili zilikuwa bora kuliko nyingine. Mmoja wa dada zake, huu wa Mpox, umesema hapana kwa dawa. Kuna wanaodhani hapana ni hasara na kwamba damu ya watu ilichukuliwa bure. Si hivyo. Bila hapana hiyo, pesa zingemwagwa kununua vidonge visivyokausha kidonda, na kila mkubwa angejisifu kwamba amefanya kazi.

Na hapo ndipo penye ugomvi. Chanjo ziliposhuka Kinshasa mwezi wa tisa 2024, kamera zilijaa uwanja wa ndege. Ilikuwa vizuri, chanjo inahitajika, na tarehe 5 mwezi wa kumi ilianza kutolewa Goma, kwa watu wazima kwanza. Lakini hakuna anayepiga picha gunia la maharagwe likiingia wodi ya waliotengwa. Kila mwezi raia wanahesabiwa dozi. Lini walihesabiwa sahani?

Katika hospitali nyingi za nchi hii mgonjwa anakula kinacholetwa na jamaa yake. Mwenyeji wa mji anaweza kuhangaika akapata. Familia iliyokimbia vita haina shamba, haina deni dukani, haina shangazi mtaa wa pili. Ukimwambia mama wa watoto watano aingie wodi siku 14 na mtoto mmoja bila chakula, umemwambia achague. Vita ilipoingia Goma mwezi wa kwanza 2025, baadhi ya wagonjwa wa Mpox walitoka vituoni wakakimbia kama watu wengine. Nani atawalaumu waliokimbia mabomu? Anayetoka kwa sababu ya njaa, huyo wenye vituo wangeweza kumzuia kwa sufuria moja ya fufu na sombe.

Hata matangazo ya redio yana kasoro. "Mtenge mgonjwa kwenye chumba chake." Chumba kipi, kwa watu saba wanaolala chini ya hema moja?

Wengine watajibu kwamba chakula ni kazi ya mashirika ya misaada, siyo ya afya. Tunda na Kole chakula kilikuwa ndani ya matibabu, kimeandikwa pamoja na maji na antibiotiki. Anayepokea matokeo ya uchunguzi ule apokee na sehemu hiyo.

Tarehe 5 mwezi wa tisa 2025 OMS ilitangaza kwamba dharura ya dunia imekwisha. Ugonjwa haukupokea barua hiyo. Mtoto mwenye homa na vipele vyenye maji apelekwe kituoni mapema, kabla hajakataa kunywa, na mzazi asione haya kuuliza mlangoni: mgonjwa atakula nini hapa, atafungwa vidonda na nani usiku, na wale wanne waliobaki hemani nani atawaangalia?