"Ilikuja Hivyo" Ni Uongo, na Mafundi Mnajua

Wacha niseme kitu kitakachokasirisha mafundi kadhaa wa kompyuta, na wengine wao ni mabeste zangu. Yale maneno mawili mnatupigia kila siku, "ilikuja hivyo", ndiyo yanaua biashara yenu. Mnalia wateja wamepotea, mnalaumu bei ya spea, mnalaumu video za kujifunzia. Anzeni na hayo maneno.

Chukua kazi ndogo kabisa: kubadilisha feni ya prosesa. Bisibisi, pesti mpya, nusu saa umemaliza. Shida ni kwamba hii kazi ndogo inafanyiwa mahali pabaya kuliko pote ndani ya mashine. Pale karibu na soketi, mazabodi imejaa vijia vya shaba vyembamba kama nywele, na vingi vinakimbia kati ya prosesa na RAM. Bisibisi ikiteleza mara moja, ikakata vijia viwili, umebaki na bodi kipofu.

Halafu kuna pini. Kwa kompyuta za mezani za Intel, tangu soketi ya LGA 775 itoke mwaka wa 2004, pini ziko kwa mazabodi yenyewe. AMD nao wakafanya hivyo na AM5 mwaka wa 2022: pini 1,718 ndani ya mraba unaoenea kwa kiganja. Ukiangusha skrubu moja hapo, pini zimepinda. AM4 ni kinyume, pini 1,331 ziko chini ya prosesa. Pesti ikikauka inashika kama simiti, fundi anavuta feni kwa nguvu, na prosesa inang'oka nayo hata kama kile kichuma cha kuifunga bado kimefungwa. Dawa inajulikana: washa mashine dakika chache pesti ipate joto, izime, zungusha feni polepole kushoto na kulia, ndio uinue. Lakini fundi mwenye foleni hataki kusikia habari ya dakika chache.

Kwa hivyo ajali hutokea, sikatai. Sijawahi kutana na fundi mzoefu ambaye hajaua bodi. Hasira yangu inaanzia pale mteja anarudi kuchukua mashine.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Kompyuta yangu ndiyo ofisi, ndiyo digrii, ndiyo kodi ya nyumba. Niliipeleka duka moja la tao iwekwe feni mpya. Ilienda ikisoma RAM ya GB 16, ikarudi ikisoma 8. Kuuliza, naambiwa ilikuja hivyo. Na cheki hii: hapo hapo wakataka kuniuzia RAM nyingine! Fundi wa pili akatoa prosesa, akawasha tochi, akanionyesha pini mbili zimepinda kwa kona ya soketi. RAM yenyewe haikuwa na shida. Pini kadhaa zikipinda, mashine inaweza kuwaka vizuri tu huku upande mmoja wa RAM umekufa. Ndio maana huu uongo unauzika. Mteja anaona skrini imewaka, analipa, anaenda zake.

Sasa fikiria mteja ambaye hajui kusoma hizo namba. Dem anayepiga chapa tasnifu za watu. Kijana aliyenunua mashine ya mtumba ajifunze kuediti. Huyo atauziwa RAM, kesho atauziwa bodi, na atakufa akijua mashine yake ilikuwa mbovu tangu mwanzo.

Najua jibu lenu. "Mimi nalipwa mia tano, nitalipaje bodi ya elfu kumi na tano?" Ni swali la haki. Na wateja pia tuna makosa. Tunataka bei ya kutupa, na kitu kikiharibika tunaita mtu mwizi mbele ya duka zima. Tena kuna wenye maduka wanaokata hasara yote kwa mshahara wa kijana anayejifunza kazi. Huyo kijana akiona mwenzake amefukuzwa kwa kusema ukweli, unadhani kesho yeye atasema nini? Amefunzwa kudanganya kama vile amefunzwa kupaka pesti.

Lakini hilo haliwezi kugeuka kuwa deni langu. Kama kazi ina hatari ya elfu kumi na tano, usiipige bei ya kinyozi. Niambie, "Bro, hii pesti imekauka, inaweza kung'oa prosesa, tuendelee?" Mimi ni mtu mzima, nitaamua.

Na kile kikaratasi cha ukutani kinachosema kazi inafanywa kwa hatari ya mteja, kisikutishe. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, na ya kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya huduma mbovu. Kinawahusu watu binafsi pia, si serikali pekee. Mahakama ya Madai Madogo inasikiza kesi za hadi shilingi 1,000,000, na unaweza kujisimamia bila wakili.

Lakini hakuna haja tufike huko. Mteja akileta mashine, iwashe mbele yake, mwonyeshe RAM inasoma ngapi na joto liko wapi, piga picha. Ukitoa prosesa, piga soketi picha. Ukimaliza, mwonyeshe tena. Hiyo inakulinda wewe fundi pia, maana kuna wateja wanaoleta bodi iliyokufa wakitafuta wa kumbebesha. Na bisibisi ikiteleza, sema imeteleza. Tukae chini, tuongee nani analipa ngapi. Fundi wa hivyo nitamletea mashine za mtaa mzima.

Kwa hivyo wasee, mkienda kwa fundi wiki hii, ombeni hiyo picha kabla skrubu ya kwanza haijatoka. Akikasirika, beba mashine yako uende kaunta inayofuata. Pale Luthuli ziko nyingi.