Tembea, Lakini Uone



Wazee wetu walituachia maneno mawili: Tembea uone. Sisi wanafunzi wa leo tumelishika la kwanza, tukaliacha la pili. Tunatembea sana kuliko babu zetu, lakini tukiulizwa tumeona nini, tunajibu kwamba njia ilikuwa ndefu na basi lilijaa watu. Jambo hili ndilo ninalotaka kulisema katika gazeti letu muhula huu, na nitaanza kwa kujishtaki mwenyewe, kwa kuwa kosa lenyewe nalijua kwa kulitenda.

Kwetu ni Pangani, katika Mkoa wa Tanga. Serikali iliponichagua kuingia Kidato cha Tano katika shule hii ya Mbeya, mama hakulala usiku ule. Jirani mmoja alikuwa amekwisha kumwambia kwamba huko baridi huua, na kwamba watu wa bara hawana maneno na mgeni. Mama aliuza nazi, akaazima kidogo kwa shangazi, nauli ikapatikana. Mwezi wa Julai nikapanda basi na sanduku langu, ndoo, godoro na shuka moja jepesi.

Safari ile ni ya kilometa kama 1,000, nami niseme kweli: sikuiona. Tulipotoka Tanga gizani nilikuwa nimesinzia. Toka Chalinze hadi Morogoro nilitazama mchezo katika televisheni ya basi, na ulipokwisha ukafuata mwingine. Mikumi, ambako barabara hukata hifadhi ya taifa kwa kilometa kama 50, niliamshwa na kelele za abiria waliomwona tembo. Nilipofika dirishani tembo alikuwa amekwisha kubaki nyuma. Mlima Kitonga nilifumba macho kwa hofu. Makambako nikaamshwa na baridi, ambayo sikupata kuijua maishani mwangu, nikaona wauza viazi wamevaa makoti mazito wameficha mikono kwapani. Hiyo ndiyo habari yote niliyoweza kumwandikia mama: kuna baridi. Naye, kwa kuwa sikumwandikia jingine, akasadiki yote aliyoambiwa na jirani, akaanza kuuliza jinsi ya kunihamishia shule ya karibu na nyumbani. Mimi sikumzuia. Nilimsihi afanye haraka.

Sasa sikilizeni habari ya safari ya pili. Nilikuwa nikirudi shule mwezi wa Januari baada ya likizo. Tulipokwisha kuupanda Kitonga na kuipita Ilula pamoja na matenga yake ya nyanya kando ya njia, rejeta ya basi ikachemka, mvuke ukajaa mbele, dereva akasimama. Utingo akaingia chini ya gari, akatoka, akasema tusubiri. Mvua ikaanza kunyesha. Mbele yangu alikuwa ameketi mzee mmoja aliyepanda Morogoro. Nilikuwa nimekwisha kumwamkia shikamoo, lakini tangu hapo hatukuzungumza lolote, maana macho yangu yalikuwa kwenye televisheni. Sasa televisheni imezimwa, akanigeukia.

“Mjukuu wangu, watoka wapi?”

“Natoka Pangani, babu.”

“Na hapa tuliposimama unapajua?”

“Sipajui.”

“Hapa ni Lugalo.”

Nikamwambia kwa heshima kwamba Lugalo iko Dar es Salaam, kwenye hospitali ya jeshi. Mzee akacheka hata akakohoa. “Kule limekwenda jina tu,” akasema. “Mwenye jina ni hapa.”

Akanieleza yaliyotokea mahali pale tarehe 17 Agosti 1891. Jeshi la Wajerumani lilikuwa likipita kwenda kuwapiga Wahehe, na Wahehe, ambao silaha yao kubwa ilikuwa mkuki, walijificha majanini na mawemawe wakalingoja, wakalishinda vibaya sana. Kiongozi wa jeshi lile akauawa. Watu wetu, alisema mzee, walimwita yule Mjerumani Nyundo. Kisha akanionyesha kwa kidole upande ulipo mnara wa ukumbusho. Nilikuwa nimekwisha kupita hapo mara mbili, kwenda na kurudi.

Mvua ilipozidi, mama mmoja mwenye nyumba karibu na barabara alituita barazani kwake. Watoto wake wakatuamkia, “Kamwene,” na yule mzee akanifundisha kujibu. Akatuletea mahindi ya kuchemsha ndani ya ungo. Nami nilikuwa nimeketi na mawazo ya jirani yetu, kwamba watu wa huku hawana maneno na mgeni! Maneno alikuwa nayo tele. Aliposikia kwetu ni mkoa wa Tanga, alirudi nyuma hatua moja, akaniuliza nusu kwa mzaha na nusu kwa kutaka kujua, “Ati ni kweli huko kwenu watu huruka usiku na ungo?” Nikatazama ungo wa mahindi uliokuwa mbele yetu, sote tukaangua kicheko. Nikamwambia kwamba kwetu ungo kazi yake ni kupepetea mchele. Akasema kumbe na sisi twala kama watu.

Nilifikiri sana juu ya kicheko kile. Yeye alikuwa na jirani yake aliyemdanganya juu yetu, kama sisi tulivyokuwa na wetu. Kama rejeta ile isingechemka, kila mmoja angekaa na uongo wake mpaka kufa. Niliona pia kando ya shamba lake mianzi michanga iliyokatwa ncha na kukingiwa vyombo. Nilidhani ni dawa ya kukinga shamba. Nilipouliza nikaambiwa ndimo unamogemwa ulanzi, kama sisi tunavyogema tembo la mnazi. Kumbe mti mwingine, kazi ile ile!

Nilipofika shule nilikwenda maktaba kutafuta habari za Lugalo. Hapo ndipo nilipopata mshangao ulionifanya niandike makala haya. Yule Nyundo, jina lake Emil von Zelewski, ndiye aliyekuwa mtu wa Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki pale kwetu Pangani, mwezi wa Agosti 1888, ilipotwekwa bendera ya Kampuni na watu wakakataa kutawaliwa. Kukataa huko ndiko kulikoleta vita vya Abushiri, ambaye alinyongwa pale pale Pangani mwezi wa Desemba 1889. Habari hizo babu yangu hutuhadithia tangu tukiwa wadogo. Lakini hadithi yake humalizika kwa kifo cha Abushiri, kana kwamba yule mgeni aliyeanzisha ugomvi alitoweka baharini. Kumbe alipanda bara, na huku bara kulikuwa na watu wengine walioikataa bendera ile ile. Miaka mitatu baada ya Pangani akafia Lugalo.

Shuleni nilikuwa nimesoma vita vya Abushiri katika ukurasa mmoja na vita vya Mkwawa katika ukurasa mwingine, nikajibu maswali ya yote mawili, nikapata alama nzuri. Sikujua kwamba ni habari moja. Kitabu kilinipa vipande viwili; barabara ndiyo iliyoviunga. Tena barabara ile haiishii Lugalo. Ukienda mbele kidogo, karibu na mji wa Iringa, iko Kalenga, ngome ya Mkwawa iliyoanguka mwaka 1894. Mkwawa hakukubali kukamatwa hai. Alijiua mwaka 1898, fuvu la kichwa likachukuliwa Ujerumani, na halikurudishwa Kalenga mpaka mwaka 1954.

Na ukishapita Iringa kama kilometa 20 kuja huku Mbeya, iko Isimila. Mwaka 1951 mtu mmoja wa shule ya Johannesburg, akiwa safarini kutoka Nairobi kwenda kwao, alisimama hapo akaokota mawe yaliyochongwa. Wataalamu walipokuja kuchimba mwaka 1957 na 1958, walithibitisha kwamba ni zana za watu wa kale mno, walioishi hapo mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Tafadhalini lifikirini jambo hilo. Watu wangapi walikuwa wamekwisha kupita Isimila kabla yake? Mawe yalikuwepo siku zote. Yule mtu hakuwazidi wengine kwa kwenda mbali. Aliwazidi kwa kusimama na kuinama.

Basi, maoni yangu ni haya. Shule yetu ina wanafunzi kutoka karibu kila upande wa nchi. Kila muhula tunakatiza mikoa minne na mitano, safari ambayo watalii huilipia fedha nyingi, nasi tunaihesabu kuwa ni adhabu iliyo kati ya nyumbani na darasani. Mimi nasema safari ni somo, na yafaa tulitendee kama somo.

Wako watakaonijibu, “Wewe wasifu safari, je, nauli hulipa nani?” Swali hilo ni la haki, na mimi ni wa mwisho kulidharau, kwa maana najua idadi ya nazi zilizomo katika tiketi yangu. Tena barabara zina hatari. Pale Kitonga nimeona kwa macho yangu lori limelala ubavu. Simlaumu mzazi yeyote aombaye mtoto wake asome karibu, hasa kama ni mgonjwa au nyumbani hakuna kitu. Lakini kwa sisi ambao tumekwisha kupangiwa mbali, na nauli imekwisha kulipwa, je, si hasara maradufu kuilipa tukiwa usingizini? Nazi za mama zilinilipia kilometa 1,000 mara tatu kabla sijafungua macho kwa ukamilifu. Hilo ndilo deni linaloniuma.

Wengine watasema kwamba mtihani hauulizi habari za barabarani. Ni kweli, mtihani haukuniuliza kama Wahehe ni wakarimu. Lakini nchi itatuuliza. Kesho baadhi yetu tutakuwa walimu, waganga na mabwana shamba, tutapelekwa mahali tusipopachagua, kati ya watu ambao tumesikia habari zao kwa majirani tu. Ataketi vipi na watu hao kijana ambaye kila alipopita kwao alikuwa amelala?

Kwa hiyo natoa mashauri matatu, na yote hayazidi bei ya daftari moja.

Kwanza, kila mwanafunzi anaporudi kutoka likizo aandike ukurasa mmoja: mambo matatu aliyoyaona njiani, na jambo moja aliloliuliza kwa mtu. Kurasa hizo zikusanywe na kuwekwa maktaba yetu. Kwa miaka michache tutakuwa na kitabu cha nchi yetu kilichoandikwa na wanafunzi, ambacho hakinunuliki dukani.

Pili, nawaomba walimu wetu wa Historia na Jiografia watupe, kabla ya kufunga shule, orodha fupi ya mahali pa kutazama katika kila njia kuu: ya Songea, ya Rukwa, ya Dodoma, ya Pwani. Kama ningalijua jina la Lugalo kabla ya kupanda basi, nisingalipita mara mbili kama mzigo.

Tatu, nawaomba wazazi. Mtoto akifika nyumbani, pamoja na kumwuliza amekuwa wa ngapi darasani, mwulizeni ameona nini njiani. Mtoto akijua kwamba swali hilo lamngoja mlangoni, atafumbua macho.

Likizo ya Juni nilifanya hivyo mimi mwenyewe. Nilimsomea babu ukurasa wangu barazani, jioni. Alisikiliza mpaka nilipofika kwenye jina la Nyundo na mahali alipouawa. Akaniomba nirudie. Kisha akanyamaza kwa muda mrefu akitazama upande wa mto, akasema, “Kumbe habari yetu ilikuwa na mwisho, nasi tulikuwa hatuna.” Tangu siku ile, akiwahadithia wadogo zangu vita vya Abushiri, haishii tena Pangani, huendelea nayo mpaka Lugalo.

Na mama? Mama alipouliza kama aendelee na habari ya uhamisho, nilimwomba aiache. Alinitazama sana, akauliza kama baridi imekwisha. Nikamwambia baridi ipo vile vile, bali sasa nina watu wa kunikaribisha njiani. Alinipa blanketi zito, na kikapu kidogo cha nazi tano. Nne nilizifikisha shule, tukaungia maharage siku ya Jumapili na wenzangu wakaramba vidole. Ya tano ilibaki Lugalo. Nilimwomba kondakta asimamishe dakika mbili tu, nikakimbia nayo mpaka kwenye baraza ile. Yule mama aliigeuza mikononi, akanicheka, akauliza, “Hii haina uchawi?”

Ndugu wanafunzi, likizo i karibu. Mtakapopanda basi, kaeni dirishani mkiweza, na mkikosa dirisha, mwamkieni mtu mliyekaa naye. Nawatakia nyote safari njema.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita