Pesa haipigani peke yake

Kesho nina tesiti ila hili nisipolitoa silali.

Juzi usiku washkaji zangu wawili wa hapa chumbani wamenuniana, mpaka leo hawasalimiani. Chanzo? Axis & Allies, ule mchezo wa ubaoni wa Vita Kuu ya Pili, toleo la 1984. Mmoja kachoka kupigwa kila akishika Ujerumani na Japani. Kachukua karatasi kajumlisha mapato ya kuanzia: Ujerumani 32, Japani 25, jumla 57. Upande wa pili Urusi 24, Uingereza 30, Marekani 36, jumla 90. "Huu uonevu, nipeni 33 zangu!" Mwenzake akacheka: sheria ya kwenye boksi haiguswi. Basi, ikawa kesi.

Mi naona wote wamekosea.

Wa kwanza hesabu yake sawa, ila kasahau umbali. Unachonunua unakiweka mwisho wa zamu, tena penye kiwanda chako tu. Askari wa miguu ni 3 kwa kila mtu. Wa Mjerumani anatoka kiwandani anatembea zake mpaka kwa Mrusi. Wa Mmarekani ana bahari mbele yake: anahitaji meli ya kumbeba, 8 hiyo, na nyingine za kuilinda isizamishwe. Kwa hiyo 36 ya Marekani ikifika vitani si 36 tena. Ukimpa jamaa 33 nzima, Mrusi anazikwa mapema.

Wa pili naye asituzuge. Toleo la 1984 viwanda vya mwanzo vinatoa vitu bila kikomo, ila kiwanda kipya unalipa 15 na hakizidishi thamani ya eneo lake. Toleo la 2004 likaweka kikomo kwa viwanda vyote. Sasa kama wenyewe walibadilisha, sisi ni nani tuiabudu karatasi?

Dawa ipo na wachezaji wengi wanaitumia: mnada. Kila mmoja anataja nyongeza anayohitaji ili akubali kushika Ujerumani na Japani. Anayetaja ndogo ndiye anachukua. Ukidai uonevu, taja bei. Ukisema mchezo uko sawa, chukua kwa sifuri tuone.

Leo usiku nawakalisha wote wawili. Mchezo wa 3 kwa askari usituvunjie urafiki wa tangu mwaka wa kwanza.

Nawakilisha.