Uhimilishaji wa Kondoo: Tusitupe Mbegu Iliyo Yetu

Uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu za dume katika kizazi cha jike kwa mkono wa mtaalamu, umezoeleka sana kwa ng'ombe. Kwa kondoo kazi hiyo ni ngumu zaidi. Njia ya kuingilia kizazi cha kondoo jike ni nyembamba yenye mikunjo, hata kifaa hakipenyi kwa urahisi. Na mbegu zilizogandishwa hudhoofika, zikashindwa kuivuka. Ndiyo sababu mwaka 1982 wataalamu wa Australia walieleza njia ya kupenyeza darubini nyembamba tumboni na kuzidunga mbegu ndani ya kizazi chenyewe.

Mbegu zikigandishwa vema hazichakai. Katika Chuo Kikuu cha Sydney, mbegu za madume wanne wa merino ziligandishwa mwaka 1968 na kuhifadhiwa kwa baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Zilipotumiwa baada ya miaka 50, kondoo 34 kati ya 56 walishika mimba. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2019.

Ndugu askari, wengi wenu mmetoka katika jamaa za wafugaji, na mtakapostaafu mtaurudia ufugaji. Huko mtaambiwa kwamba mbegu ya kigeni ndiyo maendeleo. Basi tuwatazame jirani zetu wa Kenya. Tangu katikati ya miaka ya 1970, madume wa Dorper, wenye asili ya Afrika Kusini, walisambazwa ili kupandisha kondoo wekundu wa Kimaasai. Wana-kondoo waliozaliwa walikuwa wakubwa, na wafugaji walifurahi. Lakini kondoo mwekundu hustahimili minyoo ya tumbo kuliko Dorper, na uchunguzi uliofanywa katika pwani ya Kenya miaka ya 1990 ulithibitisha jambo hilo. Kwa kupandisha ovyo, kizazi baada ya kizazi, kondoo wekundu halisi wakawa adimu.

Sisi hatuilaumu sayansi. Chombo kile kile cha baridi kinacholeta mbegu ya mgeni chaweza pia kuhifadhi mbegu ya mwenyeji. Kosa ni kumpokea mgeni huku tukimtupa mwenyeji. Kwa hiyo, kabla ya kununua mbegu, mwulizeni bwana mifugo: je, aina hii itaishi penye minyoo yetu na malisho yetu? Kisha tengeni majike kadhaa wa asili pamoja na dume wao. Wahenga walituasa: usiache mbachao kwa msala upitao.