Jina Kapuni, Kapu Ukutani

Wadau, mnazijua zile video. Staa anatembeza simu sebuleni kwake polepole, muziki laini unapita chini, halafu sauti inaingia: "Mabesti, sebule hii yote hata laki tatu haijafika!" Kioo kile kikubwa, mtumba. Zulia, mtumba. Picha ya milima yenye theluji, mtumba, elfu kumi. Kisha simu inapanda ukutani juu ya kochi, ambako nyungo saba zimepangwa kama mwezi na watoto wake, na hapo sauti inashuka kama ya mtu anayetoa siri: "Hizi nilizitoa Rukwa kwa babu mmoja hivi. Alianza na elfu saba, nikamkomalia, akaniachia kwa buku tatu. Dili la mwaka!" Mioyo myekundu inamwagika kama mvua ya masika.

Huyu ninayemsema jina kapuni, na hayuko peke yake. Kuna kaka wa muziki, naye kapuni, alituonyesha kigoda cha "babu mmoja". Kuna bibi harusi wa mwaka jana na mikeka ya "mama mmoja". Babu mmoja, mama mmoja, bibi mmoja. Mastaa wetu wanakutana na nusu ya wazee wa nchi hii na hakuna hata mmoja mwenye jina.

Tuweke sawa jambo moja kabla hamjaniita mwenye wivu. Mtumba sina ugomvi nao. Kijana amepanga chumba na sebule, mwenye nyumba kachukua kodi ya miezi sita, sebuleni kuna ndoo na sabufa tu. Huyo akidamkia Karume au mnada wowote wa karibu, akachambua belo likifunguliwa, akarudi na pazia zito la elfu nane na fremu tatu za mbao, mimi nampigia makofi. Fremu ya mtumba ikisuguliwa msasa na kupigwa rangi nyeusi, ukaweka ndani kipande cha kanga chakavu cha mama yako chenye maneno yake, unapata ukuta ambao hakuna duka la Mlimani City litakuuzia. Picha ya familia ikikuzwa na kuwekwa kwenye fremu inashinda kanvasi ya mnara wa Paris kwa mtu ambaye hata Kigoma hajafika. Sebule za wazazi wetu, zenye vitambaa vilivyofumwa kwa mkono juu ya makochi na shokesi ya vikombe visivyonywewa chai, zilipambwa kwa vya bei chee na tulikaa humo kwa adabu zote.

Na kwenye mtumba, komaa na bei upendavyo. Muuzaji wa belo ni mfanyabiashara, ana hesabu kichwani. Anajua belo limemgharimu kiasi gani, anajua nguo za juu zitarudisha mtaji na za chini zitauzwa kwa fungu. Akikwambia elfu kumi na tano ujue ameshaiacha nafasi ya wewe kubishana. Ana hatari zake pia: Januari 2022 soko la Karume liliungua usiku na watu wakaamkia majivu. Lakini ile picha ya milima ya theluji, aliyeichora huko Ulaya alishaiuza au kuigawa zamani. Ukiipata kwa elfu kumi hujamnyima mtu mlo wa jioni.

Ungo wa babu ni habari nyingine kabisa, na hapo ndipo ninapogombana na staa wetu.

Kwa wale ambao ramani yao inaishia Mbeya: Chala iko wilaya ya Nkasi, mkoani Rukwa, kwenye barabara ya Sumbawanga kwenda Namanyere, juu kwenye uwanda wa Ufipa ambako mwezi wa sita na wa saba koti si fasheni, ni lazima. Kutoka Dar ni zaidi ya kilomita 1,000 kupitia Mbeya na Tunduma. Ni nchi ya mahindi, maharage na ulezi, kwa hiyo ni nchi ya nyungo. Bila ungo hupepeti, na usipopepeta huli ugali, unakula pumba. (Najua mnachosubiri. Ndiyo, sisi watu wa Sumbawanga tumetaniwa miaka yote kwamba ungo ni usafiri wetu, tunapaa nao usiku bila tiketi. Leo umepaa hadi Mbezi Beach, ukatua ukutani, unaitwa sanaa, na hakuna anayeogopa kulala.)

Ungo haumwagwi na mashine. Mtu anakwenda kuutafuta mwanzi, au matete panapokosekana mianzi. Anaupasua, anaupasua tena, anachonga kila ukanda kwa kisu mpaka uwe mwembamba na laini usimchome mpepetaji vidole. Anasuka kitako kwanza, kanda moja juu, moja chini, na akikosea hesabu sehemu moja ungo wote unakwenda upande. Halafu anaukunja ukingo, anaufunga kwa kamba. Wengi hufanya haya baada ya shamba, kwa macho yaliyoanza kuchoka. Ule weusi wa hudhurungi ambao staa wetu anauita "rangi ya asili" mara nyingi ni moshi: ungo hutundikwa juu ya moto jikoni, moshi unafukuza wadudu. Yeye amenunua rangi iliyotokana na miaka ya mtu kupika.

Sasa tupige hesabu. Nyungo saba kwa elfu saba ni elfu 49. Kwa buku tatu ni elfu 21. Ameokoa elfu 28. Kwake hiyo ni kucha za kubandika, zile zinazobanduka wiki ya tatu. Kwa babu wa Chala hiyo ni karibu bati moja la kuezekea. Na video ile aliifanya kwa simu ya bei ambayo sitaitaja, shinikizo la damu lisije likampanda mtu.

Wiki mbili baadaye nyungo za babu zimo kwenye ukurasa wa biashara wa staa, zimepigwa vanishi, "seti ya ukutani, toleo la pekee". Bei? Njoo inboksi. Ukifika inboksi unakuta ungo mmoja ni elfu 45. Yaani elfu saba ya babu ilikuwa ghali, ila elfu 45 ya dada ni ubunifu.

Utetezi wa kwanza nimeusikia mpaka nimechoka: "Lakini alikubali mwenyewe." Ndiyo, alikubali. Nenda gulioni saa kumi na moja na nusu jioni uone watu wanavyokubali. Jua la Ufipa linazama, upepo wa baridi unaingia mifupani, gari la kurudi kijijini linapiga honi, na mzee ana nyungo saba ambazo asipoziuza atazibeba tena kichwani na nauli hana. Halafu anakuja binti kapendeza, anamwita babu, anamwamkia shikamoo vizuri tu, anacheka naye, anasema "babu, fanya buku tatu basi, mimi si mjukuu wako?" Mzee wa Kifipa amjibu nini mjukuu? Anasema haya, chukua. Ule undugu umegeuzwa punguzo la bei. Mjukuu wa kweli angemwongezea babu nauli.

Utetezi wa pili ndio unaonikera zaidi: "Mimi nimempa promo." Promo gani bila jina? Umesema "babu mmoja hivi, Rukwa". Rukwa ni mkoa. Nikitaka ungo wa ishirini nimpigie nani, mkuu wa mkoa? Promo umepewa wewe. Likitokea duka la vipodozi likatumia picha yako bila kukutaja, tutakesha tunasoma malalamiko yako na wakili atatajwa kabla ya saa sita mchana. Nchi hii ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ndani yake kuna sehemu inayohusu kulinda sanaa za jadi. Sisemi babu aende mahakamani kwa ajili ya nyungo saba. Nasema hata watunga sheria walishajua kwamba kazi ya mikono ya kijijini ina wenyewe.

Mwangalieni Edward Saidi Tingatinga. Mtu wa Tunduru, alikuja Dar kutafuta riziki, akaanza kuchora mwishoni mwa miaka ya 1960 kwenye mbao nyembamba za dari kwa rangi za kupakia baiskeli, akauza picha zake kwa bei ndogo pale Oysterbay, karibu na Morogoro Stores. Vifaa vya bei chee, mnunuzi wa kupita njia, kila kitu cha kufanana na babu wetu wa Chala. Akafa mwaka 1972 kwa risasi za polisi waliomdhania mtu mwingine. Lakini leo mtindo mzima unaitwa kwa jina lake, kuna ushirika wa wachoraji unaobeba jina hilo, na kazi zake halisi zinatafutwa na wakusanyaji Ulaya na Japani. Kwa nini tunamjua? Alisaini. Kwenye ubao aliandika E. S. Tingatinga, mnunuzi akabeba jina pamoja na twiga. Ungo hauna pembe ya kusainia. Jina lake linasafiri mdomoni mwa aliyeununua, na mdomo wa staa wetu ukifika hapo unasema "babu mmoja hivi".

Na msidhani haya ni makelele ya elfu nne tu. Kule kwetu bei chee ina historia. David Livingstone alipopita pwani ya Ziwa Tanganyika upande wa Ufipa mwaka 1872 aliandika kwamba pamba ililimwa sana na ikafumwa nguo nzito iliyokuwa vazi la watu wote. Nguo ya kufumwa hapo hapo, kwa mikono ya hapo hapo. Tena Wafipa waliyeyusha chuma chao wenyewe. Malungu, yale matanuru marefu ya udongo yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto, mengine bado yamesimama kwenye uwanda, marefu kuliko mtu, na mbuzi wanajikuna kwenye kuta zake. Chuma kikitoka humo kilisafishwa tena kwenye tanuru dogo, kintengwe, ndipo mhunzi akapata jembe. Zikaja nguo za meli kwa bei chee, yakaja majembe ya kiwandani kwa bei chee. Leo nitajie mfumaji mmoja wa nguo ile. Nitajie fundi mmoja anayewasha ilungu.

Simlaumu bibi aliyenunua merikani. Alikuwa na watoto wa kuvisha na msimu wa baridi mbele yake. Kama mimi ningekuwa pale ningenunua. Lakini kazi ya ungo sasa hivi iko palepale nguo ilipokuwa: sokoni zipo nyungo za plastiki, kijana wa Chala anaona afadhali bodaboda, na mzee anayesuka hana wa kumrithisha kwa sababu mtoto anapiga hesabu ileile niliyopiga mimi hapo juu. Mtu pekee mwenye pesa ya kuifanya kazi hii ilipe ni yule anayetaka ungo si kwa ajili ya kupepeta bali kwa ajili ya uzuri. Yaani wewe, staa. Soko jipya kabisa limefunguka, nyungo ukutani zimekuwa fasheni dunia nzima, vikapu vya Watonga wa Zambia na Zimbabwe vinauzwa hadi kwenye maduka ya Ulaya, na mteja wa kwanza wa kwetu mwenye jina kubwa anafika Chala na kufanya nini? Anamkomalia babu.

Sasa mtaniuliza, tusinunue? Nunueni! Jazeni kuta! Ila ukiwa mbele ya mtu aliyesuka kwa mkono wake, weka simu mfukoni kwanza. Muulize jina. Muulize ungo umemchukua siku ngapi, umlinganishe na siku zako. Lipa bei aliyotaja, na kama unachukua saba mwambie utarudi, halafu urudi kweli. Ukiwa na hamu ya kubishana bei, gari likufikishe salama mjini, Karume ipo, wauza belo watakupa mabishano mpaka ushibe.

Na wewe dada wa nyungo saba, jina lako bado liko kapuni kwangu na litabaki humo, sina shida ya kiki. Ila ile video ipo, watu laki kadhaa wameiona. Ihariri leo hii. Pale ulipoandika "bei njoo inboksi", weka jina la babu, kijiji chake na namba ya simu aliyokubali utoe. Kama namba huna, basi la Sumbawanga linaondoka alfajiri.