Kinanda cha mtumba, akili ya mtumba

Nilikuwa na kinanda.

Nilikinunua mtumba hapa Guangzhou kwa yuan 60, kikiwa kimekufa: ubao wa umeme umeungua, vitufe vizima. Nikakitoa matumbo, nikaanza kukiundia sauti upya kwa rezista, kapasita na transista. Jumamosi akaja chumbani kwangu Xiaobei Mtanzania mwenzetu mmoja, mtu wa makontena. Akatazama meza, akacheka: "Mdogo wangu, China nzima wanauza vipya, wewe unahangaika na maiti? Hiyo kazi ya mafundi redio."

Sikumjibu, maana ni kaka kwangu na kanisaidia mengi. Namjibu hapa.

Kwanza, hilo "fundi redio" alivyolitamka kama tusi. Huo ndio ugonjwa wetu! Tunapanda ndege, tunahesabu katoni, tunafunga kontena, tunarudi. Mji huu huu una kiwanda cha piano cha Pearl River, kilianzishwa 1956. Wenzetu waliamua kutengeneza, sisi tumeamua kubeba.

Pili, hicho "kipya" kinakuja na noti 12 zilizopangwa kwa hatua sawasawa. Nani kasema muziki wa dunia nzima ni huo? Ilimba ya Wagogo, ile aliyoipiga marehemu Hukwe Zawose wa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, inafuata mfululizo wa sauti za asili. Sauti ya saba ya mfululizo huo iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusu toni. Kwa hiyo kinanda cha dukani kinamwambia Mgogo kwamba yeye ndiye anayekosea!

Mtasema mbona vipo vinanda vyenye robo toni za Kiarabu, watu wa taarab wanavijua. Kweli vipo. Vipo kwa sababu kuna watu walividai. Sisi tumedai nini?

Kwenye changu, kila kitufe kinachukua volti yake kwenye mstari wa rezista. Volti ikipanda, sauti inapanda. Rezista zote zikilingana unapata ngazi ya piano. Mimi nimeweka za kuzungusha kwa bisibisi, nipange ninavyotaka. Sidanganyi, ni kazi ya kichaa: ukigusa moja, noti zote za juu yake zinasogea, na chumba kikipata joto sauti inahama yenyewe. Mara nyingine kinakoroma kama pikipiki mbovu.

Lakini juzi usiku ile ya saba ilikaa. Mama yangu ni Mgogo. Nikampigia simu, nikaisogeza kwenye spika, nikapiga taratibu bila kusema neno. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Nani huyo anapiga?"

Kaka, kontena lako likifika Dar salama nitafurahi kwa dhati. Ila humo ndani kuna kinanda hata kimoja ambacho mama yangu angeuliza nani anapiga? Na siku kikiungua, utampelekea nani kama si yule fundi redio unayemcheka?

Nawasilisha. Wenye kupinga, uwanja ni wenu.